Mfalme wa Kilwa na Bwana wa Mama Gloire

23 Septemba, Jumatatu

Leo msimamizi wangu ameniambia nichague mwaka. Amesema hivyo huku anatafuna tufaha, utadhani ananiambia nichague soksi. Mfalme wangu, al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule waliyemwita Baba wa Zawadi, alikufa lini? Tarihi ya Kiarabu ina hesabu yake, ile iliyopitia mikononi mwa Wareno ina hesabu nyingine, na sarafu zenye jina lake hazina la kusema. Mwaka 1331 alikuwa hai, maana msafiri mmoja wa Maghribi alimkuta kakaa kitini anagawa mali. Baada ya hapo kila mtaalamu na lake. Mimi nimejaza tasnifu nzima kwa "huenda" na "yamkini", na mama wa watu ananiambia watahini hawali huenda. Inatakiwa kabla ya Krismasi. Viza yangu inakwisha Januari.

Nimeshuka Walthamstow, mtaa ninaokaa hapa London, na hasira zangu, nikalizunguka soko lote mpaka mwisho na kurudi, sikununua hata kitunguu.

30 Septemba

Mvua. Nimefuta aya moja, nikaiandika tena vilevile.

6 Oktoba, Jumapili

Mama Gloire kaniweka kikao jikoni. Huyu ndiye mwenye nyumba ninayopanga chumba. Jina lake Léocadie, Mkongo wa Uvira, anatunza wazee huko Chingford, na akipandisha sauti hata majirani wanajua leo tunakula nini. Gloire ni binti yake wa pekee, muuguzi. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu Kiingereza.

Habari za mumewe nilizijua nusunusu, leo nimezisikia zote. Aliitwa Anselme, fundi redio. Vita vilipoingia Uvira, Oktoba 1996, walikuwa njiani wanakimbia, yeye ana mimba ya Gloire. Anselme akamwambia tangulia na wenzako, mimi narudi kumchukua Gires. Gires ni mdogo wake, enzi hizo mtoto wa miaka tisa, alikuwa kwa shangazi upande wa pili wa mji. Mama Gloire hakumwona mumewe tena. Gires mwenyewe aliibuka hapa London miaka mingi baadaye, na siku zote husema hajui lolote.

Sasa yupo Solomon. Mkenya wa Machakos, mjane, anaendesha gari la kupeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Kila Jumapili baada ya misa anakula hapa, anaosha vyombo bila kuombwa, na ananiita daktari kunikejeli. Yeye na Mama Gloire wanataka kufunga ndoa tarehe 28 Desemba. Padri hajakataa, ila anasema Mama Gloire bado ni mke wa mtu mpaka ithibitike kwamba mtu huyo amekufa: waletwe mashahidi, na tarehe iwe karibu na ukweli. Na kwao nako kuna sheria. Anselme hakukaliwa matanga. Matanga yasipokaliwa yakaondolewa, mjane si mjane, na wa kuyafungua ni ndugu wa marehemu. Gires anaombwa kila mwaka, kila mwaka anasema mwaka ujao. Safari hii Mama Gloire amepanga mwenyewe: Jumamosi ya tarehe 30 Novemba, atake asitake.

Akanisogezea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, kisha akasema, "Mwalimu, we njo unatafutaka tarehe za bafalme. Nitafutie na ya bwana yangu."

Nikacheka kidogo, nikamwambia mfalme ana tarihi na ana sarafu. Hakucheka. Alisema mfalme wangu watu walishamlilia, hahitaji kitu. "Mi niko naomba siku moja tu ya kulia."

Nimekubali. Ningekataa vipi, na sombe nimeshakula?

9 Oktoba

Siwezi kukaa. Nikikaa maktaba nawaza Uvira, nikikaa chumbani nawaza Kilwa. Nimetembea mpaka Leyton na kurudi bila sababu.

12 Oktoba, Jumamosi

Nimeanza na Célestine, anayeuza vitenge sokoni. Alikuwa njia ileile, wiki ileile. Akaniambia bila kupepesa macho kwamba maiti ya Anselme aliiona, kando ya maji, shati la kijani. Nikaona kazi imeisha siku ya kwanza. Nikamuuliza uso je. Uso hakuuona. Shati je, aliliona kwa macho yake? Hapo akaanza kukunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Shati aliambiwa. Aliyemwambia naye alisikia. Ila, akasema, mtu asiyerudi kwa mke mwenye mimba si amekufa, mwanangu, ulitaka afanye nini tena ndiyo uamini?

Ndiyo tarihi zetu zote hizo. Mtu aliandika kwa sababu ilibidi iwe hivyo.

16 Oktoba

Mama Gloire kauliza tumefika wapi. Nimemwambia polepole. Kasema polepole ameshaifanya miaka ishirini na nane.

19 Oktoba, Jumamosi

Nimempigia Serge wa Birmingham, Mkongo mwingine wa Uvira. Jamani. Anasema alimwona Anselme Kigoma, kwetu Tanzania, karibu na Pasaka ya 1997, kakaa chini ya turubai anatengeneza redio. Nikamuuliza una hakika? Akasema alimpa redio yake mwenyewe akatengeneza, ikafa tena baada ya siku mbili, na mtu aliyekula hela yako namna hiyo humsahau.

Kwenye kazi yetu tarehe ya mwisho mtu kuonekana hai ndiyo ukuta. Hawezi kufa nyuma ya ukuta huo. Basi ukuta umesogea. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyepata sarafu mpya.

Nilipomwambia Mama Gloire, furaha ilinitoka. Alishika ukingo wa sinki. Yaani alikuwa hai nusu mwaka mzima, akasema, na hakunitafuta? Kisha akasema Serge ni mlevi. Gloire, aliyekuwa anapiga pasi sare yake, akauliza kwa Kiingereza kama tunaweza kuongea mambo mengine.

24 Oktoba

Nimerudi kwa mfalme ili nipumzike, na yeye hapumziki. Tarihi inasema baba yake alipofariki, Hasan hakuwepo Kilwa, alikuwa amekwenda hija. Mdogo wake Daud akakalia kiti kwa niaba yake. Hasan aliporudi, Daud akainuka, akampisha. Nimelisoma hilo mara mia, nikalipita. Daud nilimchukulia kama kizingiti tu cha kumvuka nimfikie mfalme wangu.

Leo nimejiuliza, siku ile Daud anakaa kitini, alijua kaka yake yuko hai? Na kama alijua, watu wa mji aliwaambia?

27 Oktoba, Jumapili

Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Saa kumi na moja jioni ni giza. Solomon kaosha vyombo, kavunja bilauri, kaomba radhi mara tatu.

2 Novemba, Jumamosi

Siku ya Marehemu Wote. Gires alikuja kutoka Hounslow na mkewe, ambaye mimba imeshamzidi. Anasafisha ndege pale Heathrow, mtu mwembamba, maneno ameyafungia kabatini. Simpendi. Anakula vya shemeji yake miaka yote hii, na akiombwa jambo moja anaangalia viatu.

Kanisani padri alisoma majina ya marehemu walioandikishwa, na Mama Gloire alikuwa amemwandikisha Anselme. Jina liliposomwa, kila mtu kwenye benchi letu alijibu, "Umpe raha ya milele, ee Bwana." Gires hakujibu. Alifunga mdomo kabisa, kisha kwa jina lililofuata, la mtu asiyemjua, akajibu vizuri tu.

Nilipomuuliza nje ya kanisa juu ya tarehe 30, akasema ataona zamu za kazi. Nikamwambia matanga ya kaka yako unayapangia zamu? Akainamisha kichwa. Nilikuwa mkali, na sijutii.

5 Novemba

Fataki mtaani. Mama Gloire hazipendi, amepandisha sauti ya televisheni mpaka mwisho.

8 Novemba, Ijumaa

Mke wa Gires kajifungua mtoto wa kiume. Mama Gloire amecheza jikoni na mwiko mkononi. Furaha yake si ya mtoto tu. Kwao jina la mtu aliye hai halipewi mtoto, ni kama kumchimbia kaburi. Akishakufa ndipo jina lake linarudi nyumbani kwa mtoto anayefuata. Gires ana mabinti watatu, na wote wana majina ya marehemu: mama yao, shangazi, na bibi aliyewalea. Huyu ndiye wa kwanza wa kiume. Ataitwa Anselme tu, anasema Mama Gloire, na huo ndio utakuwa ushahidi wa kumpelekea padri. Hata keki ameagiza, ina jina.

Nimemwambia msimamizi wangu kwamba hata mimi kanuni hiyo imenisaidia. Kilwa imejaa akina Hasan na Sulaiman, na nilikuwa nimewatenganisha kwa kudhani mjukuu hupewa jina babu akishakufa. Akasema ni kanuni nzuri, ila je, nina hakika pwani ya zama zile walikuwa nayo? Wengine huwapa watoto majina ya babu walio hai, kwa heshima. Sina hakika. Kurasa ishirini zimeanguka hivihivi.

10 Novemba, Jumapili

Naandika kabla sijavua koti.

Tulikwenda Hounslow wote kusikia jina la mtoto, Solomon akiendesha. Nyumba ilijaa. Gires akasimama na mtoto mikononi, watu wakanyamaza, Mama Gloire kashika keki kifuani. Akasema mtoto ataitwa Thierry.

Thierry ni mjomba wa mke wake, aliyekufa mwaka jana. Mtu mzuri, sina neno naye. Ila watu walitazamana. Mama Gloire aliweka keki mezani, akaifunika na kitambaa, akasaidia kugawa soda. Njiani kurudi Solomon alijaribu kuongea habari za foleni, akaacha.

Na mimi nimekaa kiti cha nyuma nafikiri. Mtu ambaye majina yote ya wafu wake ameyarudisha nyumbani, akapata mtoto wa kiume baada ya miaka yote hiyo, akaliruka jina la kaka aliyerudi vitani kumchukua yeye. Asiyejua anasema huyu hana shukrani. Lakini yule hana uso wa mtu asiye na shukrani. Ana uso wa mtu anayeogopa kumuua mtu.

Anselme yuko hai.

11 Novemba

Huenda. Yamkini.

13 Novemba

Sijamwambia mtu. Nimekwenda maktaba nikasahau kitambulisho, nikarudi nyumbani kukichukua, nikafika nyumbani nikasahau nilichofuata. Mama Gloire ananiuliza kama naumwa. Jana padri kamwambia ushahidi wa Célestine unatosha kuanzia, niuandike kwa lugha nzuri nitie na sahihi yangu, mimi msomi. Ni ukurasa mmoja tu. Nikiuandika, tarehe 28 Desemba kuna harusi, na mimi nitavaa suti. Mwaka 1996, mwezi wa kumi, kando ya maji, shati la kijani. Hakuna atakayeuliza.

17 Novemba, Jumapili

Nimekwenda Hounslow peke yangu. Safari ndefu mno, toka mwisho wa reli moja mpaka karibu na mwisho wa nyingine, na njia nzima nilisimama ingawa viti vilikuwepo.

Gires alinifungulia mlango na mtoto begani. Nilikuwa nimepanga maswali kwa mpango, kama tunavyofundishwa. Yote yakanitoka. Nikamuuliza tu kwa nini mtoto haitwi Anselme.

Akampelekea mkewe mtoto chumbani, akarudi, akafunga mlango, akakaa. Akaniambia kaka yake alimkuta kwa shangazi siku ileile. Shangazi alikuwa ameshauawa, mtoto kajificha chini ya kitanda, mguu umevunjika. "Kaka alinibebaka mu mugongo mpaka ku ziwa," akasema. "Nimulilie namna gani na bado anapumua?"

Walivuka kwa mtumbwi mpaka Kigoma. Huko wakaambiwa lile kundi la akina mama walipigwa risasi wote njiani. Anselme aliamini. Alikaa chini, alinyoa nywele, alimlilia mkewe. Miaka ikapita akaoa mwanamke wa kambini, wakazaa. Kisha Gires akaja huku, na Jumapili ya kwanza kanisani, Mungu wangu, akamwona shemeji yake anaimba kwaya, na msichana pembeni mwenye paji la uso la kaka yake. Alimpigia Anselme analia kwa furaha. Anselme akamwambia mwache anijue maiti, sina uso wa kumtazama. Na aliyesema hivyo ndiye aliyembeba. Basi Gires akanyamaza. Hakusema amekufa, hakusema yuko hai. Kila akila kwa shemeji yake chakula kilimkwama, na asipokwenda alionekana amemtupa.

Mficha maradhi kilio humfichua, nasi kilio tulikuwa tumekipangia tarehe. Nikamwambia lazima ajue. Akasema anajua hilo, ila yeye mdomo wake haufunguki, ameshajaribu. Aliniomba mimi. Nikakumbuka jinsi nilivyomsema pale nje ya kanisa, nikaona haya. Nimemwomba radhi. Akasema si kitu, mwalimu.

18 Novemba

Sijasema.

19 Novemba

Sijasema. Anapima nguo ya harusi, rangi ya krimu.

21 Novemba, Alhamisi

Nimesema.

Ilikuwa jana. Alikuwa ametoka kazini mchana, hata koti hajavua vizuri, anachambua majani ya sombe juu ya gazeti. Nilikaa mbele yake nikamweleza moja kwa moja, tangu kitanda cha shangazi mpaka Kigoma, mke, watoto, Gires na simu. Sikutumia "huenda" hata moja. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka majani yakaisha, ikaendelea kuchambua gazeti.

Niliponyamaza alisema, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha, "Nilikuomba tarehe, mwalimu. Umeniletea mutu."

Akapanda juu. Alfajiri ya leo alikwenda kazini kama kawaida. Hanisemeshi. Nami najiuliza nani aliniomba ukweli mwanzoni. Yeye aliomba siku ya kulia. Ukweli ni tamaa yangu mimi.

23 Novemba, Jumamosi

Solomon alikuja akakaa ndani ya gari nje muda mrefu, injini imezimwa. Nikatoka, nikaingia upande wa abiria. Mama Gloire alikuwa amemwambia mwenyewe kwa simu. Padri naye ameshaambiwa: sasa njia ni nyingine, ya mahakama ya Kanisa, kuchunguza ndoa yenyewe, na hiyo ni miaka. Ukumbi wa tarehe 28 Solomon ameufuta.

Nikamwambia pole, mzee. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Daktari, mimi nimekuwa nikiomba Mungu huyo mtu awe amekufa," akasema. "Kila Jumapili, hapo kanisani, na nikimaliza nakuja kukula kwa nyumba yake."

Nilimwambia sivyo alivyoomba, aliomba njia. Akasema hapana, aliomba vile alivyosema, na Mungu alisikia vizuri. Nikamuuliza atafanya nini sasa. Akasema kesho ni Jumapili, atakuja kuosha vyombo, kama atafukuzwa atafukuzwa.

24 Novemba, Jumapili

Hakufukuzwa. Leo amepigiwa Anselme.

Mama Gloire ndiye aliyeamuru. Alimwita Gires, akamketisha, akamwambia piga, na weka sauti wote tusikie. Gloire alisimama mlangoni amekunja mikono. Simu iliita mara nyingi, kisha ikaja sauti ya mwanamume mtu mzima, ya chini, yenye kikohozi. Gires akasema kaka, yuko hapa. Halafu yule mtu akaanza kulia na kusema, vyote kwa pamoja: kwamba alimlilia, kwamba aliambiwa, kwamba alipojua alikuwa na watoto wadogo, kwamba aliona haya, kwamba haya ikawa nzee. Aliuliza mtoto alikuwa wa kiume au wa kike. Alijua, Gires alishamwambia, lakini aliuliza. Gloire alitazama dari.

Mama Gloire alimwacha mpaka pumzi ikamwishia. Akamuuliza umemaliza? Akasema ndiyo.

Hakumtukana. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sauti ile naijua. Alimwambia kuwa Jumamosi hii alikuwa amepanga kukaa matanga yake, watu wamealikwa, unga umenunuliwa. Sasa hawezi kumlilia mtu anayekohoa. "Basi we ukae. Unililie mi. Tandika mukeka, ita batu, useme Léocadie alikufaka ku njia ya Uvira. Halafu uondoe matanga, tuachane."

Gires aliruka kitini. Alisema shemeki, hapana, kumlilia mtu hai ni kumuita mauti, hakuna anayefanya hivyo. Na kule upande wa pili Anselme naye alisema siwezi, nilishakulilia mara moja.

Mama Gloire akasema ile mara ya kwanza alimlilia bila ruhusa yake. Hii anampa ruhusa.

Tulikaa tunasikiliza kikohozi. Mwishowe Anselme akasema atakaa.

Gloire alisubiri simu ikatwe. Kisha akamwambia baba yake mdogo, kwa Kiswahili kilichopinda, "Nipe namba yake." Gires alimwandikia mkononi, maana karatasi haikupatikana.

26 Novemba

Mama Gloire amenisemesha: kaniuliza kama shati lile chafu ni langu.

28 Novemba, Alhamisi

Nimepeleka sura ya tatu. Sikuchagua mwaka. Nimeandika kwamba baada ya 1331 kila tarehe ya kifo chake ilitoka kwa watu waliohitaji afe wakati huo: warithi wanaohesabu enzi zao, waandishi wanaotaka orodha isipungue wala isizidi. Kurasa za majina nimezitoa. Nimemwongezea Daud kurasa kumi. Sijui kama alijua kaka yake yuko hai, na nimeandika hivyo, sijui, ila nimemtazama kama mtu aliyebeba kiti kisicho chake na kuamka nacho kila siku. Msimamizi amesema watahini watanitafuna. Amesema pia ndiyo sura bora niliyoandika. Nimetoka pale sijui nicheke au nilie, nikatembea mpaka mvua ikanirudisha ndani ya treni.

30 Novemba, Jumamosi

Wageni walizuiwa, ila unga uko pale pale, kwa hiyo Mama Gloire alipika ugali wa kulisha jeshi. Tulikuwa watano: yeye, Gloire, Solomon, Gires na mimi. Alivaa kitenge cha kila siku. Aliimba jikoni. Alimkaripia Solomon kwa kumwaga maji. Nikasema moyoni huyu mama ni chuma.

Mchana Gires akapokea picha kutoka Kigoma. Uwanja wa nyumba ya tofali, mikeka imetandikwa, watu wengi kuliko tulivyofikiri, na Anselme amekaa chini, mwembamba, kichwa kimenyolewa. Mkewe yuko pembeni, naye amejifunga kanga kichwani. Mbele yao wameegesha picha ya msichana wa miaka ishirini hivi aliyevaa shela. Anselme alikuwa ameitunza picha ya harusi yao. Mama Gloire aliitazama muda mrefu, akasema, msichana huyu alikuwa mwembamba hivyo?

Kisha simu ikaita, na Gires akaiweka sikioni asikilize, maana alitakiwa awepo kama ndugu. Mama Gloire akamuuliza wanasema nini juu yake. Hakutaka kusema. Akamwambia sema.

Gires akafunga macho, akawa anarudia anachosikia. Wanasema Léocadie alikuwa na sauti kubwa. Wanasema aliwahi kumfukuza askari sokoni kwa ufagio. Wanasema alikuwa akipika sombe mpaka watu wa mtaa wa pili wanakuja na visingizio. Shangazi mmoja anasema alikuwa anaogopa radi. Kaka anasema siku ya mwisho alimwona akienda na wenzake, ana mzigo kichwani, amekula kidogo sana kwa sababu ya mimba, na aligeuka mara mbili kumtazama, na yeye hakumpungia mkono kwa kuwa alijua watakutana jioni. Wanasema alifariki Oktoba 1996. Wanasema Mungu amlaze pema.

Mama Gloire alikuwa amesimama na mwiko. Akautua. Akaketi chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa, na ule mlio ulimtoka. Nimeishi nyumba hii miaka minne, sikuwahi kumsikia analia. Alilia kwa sauti ile ile kubwa, bila kujifunika, alimlilia msichana mwenye mzigo kichwani.

"Kumbe balikuwaka banamupenda," akasema katikati ya kilio.

Gloire aliketi upande wake wa kulia. Gires akaja na simu bado sikioni. Solomon alizima jiko, akavua viatu, akashuka naye sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye kabati la sinki. Nikaketi na mimi.